Nafungua motere ya Hilux (22R) mwenyewe lupangoni (uani kwangu), Lubumbashi: karibuni tujadili

Mwana_Katuba (Lubumbashi)

Jambo bandugu. Nina Hilux ya 1984, motere 22R ya kabureta, cc 2,366. Bodi nzima, chasisi haijaoza. Shida ni moyo wake: oili imegeuka kahawa ya maziwa, maji ya radieta yanapungua bila kuonekana yanakokwenda, na ikinguruma bila gia silinda moja inakosa. Mafundi wa mtaani wote wanasema jambo lile lile: jwenti ya kulasi (gasketi ya kichwa cha silinda), lete pesa.

Mimi sitaki kuipeleka garaji. Nina palani ya cheni, nina mwembe mnene hapa lupangoni, nina seti ya spana na jumapili zangu. Na kwa kuwa naifungua, nataka irudi na nguvu kuliko ilivyotoka Japani. Mpango wangu:

- kutanua silinda kutoka milimita 92 hadi 93
- kabureta ya Weber 32/36
- kulasi ya 20R (motere ya Toyota iliyoitangulia 22R), maana nasikia njia zake za hewa zimenyooka zaidi
- filta ya hewa ile ya koni

Leteni maoni, hata makali.

---

Fundi_Ruashi (Lubumbashi)

Kijana, hujapima chochote na umeshapanga kununua. Kabla hujagusa boliti hata moja, pima kompresheni (msukumo wa hewa ndani ya kila silinda). Plagi zote nje, betri yenye nguvu, kabureta wazi kabisa, zungusha kwa stata mpaka mshale usimame.

Halafu usiishike namba ya kitabu hivyo hivyo. Kitabu cha 22R kinataka karibu psi (kipimo cha msukumo) 170, lakini kinamhesabia mtu aliye usawa wa bahari. Lubumbashi tuko karibu mita 1,200 juu, na msukumo wa hewa hapa umepungua kwa asilimia 13 hivi. Motere yenye afya njema hapa itakupa 145 hadi 150. Nimeona watu wakifungua motere isiyo na kosa kwa sababu geji ilisoma 145, wakaweka ringi mpya, wakapima tena, ikasoma 148. Pesa imekwenda, na fundi anawaambia "imepanda, si umeona?"

La pili: maji ndani ya oili kwenye 22R si lazima yawe ya jwenti ya kulasi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Toyota waliweka cheni ya taimingi (inayozungusha kamshafti ya valvu) ya mstari mmoja inayopita kwenye reli za plastiki. Plastiki ikizeeka inakatika, cheni inalegea, inaanza kupiga kifuniko cha mbele na kukisaga kila mzunguko mpaka inatoboa njia ya maji iliyo nyuma ya pampu ya maji. Hapo maji yanashuka moja kwa moja kwenye sampu (bakuli la oili chini ya motere). Jwenti ni nzima, unaibadilisha, unajaza oili mpya, baada ya muda kahawa imerudi.

Asubuhi motere ikiwa baridi, simama mbele yake mtu mwingine awashe. Ukisikia mnyororo ukigonga sekunde za kwanza kisha ukatulia, fungua kofia ya valvu, piga tochi kule chini uone kama reli bado zipo.

---

BongoSpana (Dar es Salaam)

Mkuu, nakuheshimu ila hii ni kujitesa. Tafuta injini ya mtumba kutoka Dubai au Japani, shusha ya zamani, pandisha, wikiendi moja umemaliza. Ovahoo ya nyumbani mara nyingi inaishia kwenye ndoo za boliti chini ya kitanda na mke anauliza gari linatembea lini.

---

Mwana_Katuba

Mkuu BongoSpana, hiyo ya ndoo chini ya kitanda imenichoma, mama watoto ameisoma na kucheka mpaka leo anacheka. Lakini mtumba wa 22R ni motere ya umri ule ule, yenye reli zile zile za plastiki. Nitakuwa nimenunua ugonjwa wangu kwa mtu mwingine.

Fundi, aksanti. Vipimo: silinda ya kwanza 146, ya pili 143, ya tatu 105, ya nne 145. Nilitia kijiko cha oili kwenye ile ya tatu nikapima tena: 108. Na cheni inagonga asubuhi. Nilidhani ni pampu ya maji.

---

Fundi_Ruashi

Umejijibu. Ringi zingekuwa zimekwisha, ile oili ingeziba na mshale ungepanda sana. Umepanda kidogo tu, kwa hiyo hewa inatorokea juu: valvu. Nakisia ya eksozi ya silinda ya tatu imeungua kwa sababu nafasi yake (pengo kati ya valvu na kinachoisukuma) ilibana na haikuwa inakaa vizuri kwenye kiti. Silinda nyingine tatu ni salama kwa mwinuko wetu. Sasa hiyo ya kutanua hadi 93 sababu yake ni nini?

---

Mwana_Katuba

Nguvu, Fundi. Cc ziongezeke.

---

Yaya_Kampemba (Lubumbashi)

Niingie hapo. Mimi kazi yangu ni kupima vyuma, siku nzima niko na mikromita mkononi.

Piga hesabu, mdogo wangu. Milimita 92 kwa mkono (mwendo wa pistoni juu-chini) wa 89, silinda nne, ni cc 2,366. Ukitanua hadi 93 unapata cc 2,418. Umeongeza 52, hazifiki asilimia 2 na nusu, na kwa hizo umenunua pistoni nne mpya, ringi mpya, malipo ya mashine, na umepunguza unene wa ukuta ambao mjukuu wako angeutanua siku moja. Mwinuko peke yake unakula asilimia 13. Motere hii ilitoka kiwandani na farasi 97 hivi, kwa hiyo karibu 13 zinapotea hewani kabla hujawasha. Wewe unahangaika na mbili.

Silinda hutanuliwa kwa sababu kipimo kimesema hivyo. Lete bloku nikupimie kwa geji ya ndani: juu, katikati, chini, kwa urefu na kwa upana. Vipimo sita kila silinda. Ukiniletea pistoni pia, tutajua nafasi yake kamili.

---

Kivu_4x4 (Goma)

Salamu kutoka Goma, huku tuko karibu mita 1,500, ninyi wa Lubumbashi mnaishi bondeni 😄

Kuhusu kulasi ya 20R: inafunga kwenye bloku za 22R za kabla ya 1985 tu. Kuanzia 1985 Toyota walifupisha kimo cha bloku, hapo usijaribu. Yako ya 1984 ingekubali, lakini hakikisha bloku ni ya mwaka wa gari kweli, magari yetu yamebadilishwa mioyo mara ngapi? Tena utahitaji na manifoldi yake ya kuingiza hewa. Ukiipata kulasi ya 20R isiyopasuka Katanga nzima, nipigie picha.

---

Mwana_Katuba

Motere imeshuka. Mwembe umestahimili, tawi liliinama kidogo, jirani alikuja na kiti akakaa kutazama mpaka jioni.

Kofia ya valvu na sampu nimefungua: Fundi, naomba nikuite nabii. Reli moja ya plastiki haipo kabisa, vipande vyake nimevitoa kwenye wavu wa pampu ya oili chini ya sampu.   

 Sasa kulasi inagoma kutoka. Boliti zote kumi nimetoa, nimegonga kwa nyundo ya mpira, haisogei upande wa mbele.

---

Fundi_Ruashi

ACHA KUGONGA. Usitie bisibisi pale katikati!

Kuna boliti ya kumi na moja. Iko mbele, ndani ya kulasi, chini ya gia inayozungusha distribyuta, mahali oili inapotuama. Huioni mpaka ufyonze ile oili kwa kitambaa. Hiyo ndiyo inayoshika kulasi na kifuniko cha cheni. Watu wengi wamevunja kifuniko au wamepinda kulasi kwa kuisahau. Wakati wa kurudisha pia, ukiiacha nje oili itatoka mbele maisha yote ya gari.

---

Mwana_Katuba

Imetoka. Ilikuwa imejificha pale pale. Na kifuniko cha mbele: upande wa ndani cheni imechimba mfereji unaong'aa, na mwisho wa mfereji kuna tundu, kijiti cha kiberiti kinapita. Nikakigeuza kuelekea jua, mwanga unatokea upande wa maji. Jwenti ya kulasi waliyonililia wote haina hata alama. Valvu ya eksozi ya tatu imeliwa pembeni, imebaki mwezi mchanga.

---

Yaya_Kampemba

Ripoti ya bloku, ameniletea na pistoni zake. Silinda iliyochakaa zaidi: 92.05 juu pale ringi zinapogeukia, 92.02 chini. Tofauti ya 0.03. Haihitaji kutanuliwa. Mawe ya kusugulia yapite tu yaondoe ule mng'ao na kuacha mistari inayokatana ili ukuta ushike oili, ringi mpya za saizi ile ile, basi.

Kulasi nimeiwekea rula ya chuma na fila geji (vibati vya kupimia nafasi): 0.08 katikati. Ingezidi 0.15 ningesema ikanyooshwe kwa lazima.

Beringi ndizo zimenisikitisha. Maji na oili vimekaa pamoja muda mrefu, ile metali nyeupe imeanza kutoboka vitundu. Zote zibadilishwe. Krankishafti yenyewe imepona, ing'arishwe tu. Ukifunga tumia ule uzi wa plastiki wa kupimia: kata kipande, weka juu ya shingo ya krankishafti inapokaa beringi, kaza kofia kwa kipimo chake, fungua, linganisha upana. Unatafuta kati ya milimita 0.025 na 0.055. Usizungushe krankishafti ule uzi ukiwa ndani.

Na kuosha, mdogo wangu. Baada ya mawe, usioshe silinda kwa petroli. Petroli inabeba uchafu na kuuacha ndani ya vinyweleo vya chuma, ule unga wa mawe unabaki na kula ringi zako mpya. Maji ya moto, sabuni ya unga, brashi ngumu. Kisha kausha upesi na paka oili papo hapo maana kutu inakuja ukitazama. Pitisha kitambaa cheupe chenye oili. Kikitoka kijivu, rudia sabuni. Kikitoka cheupe umemaliza. Watu wananunua ringi za bei kali halafu wanaokoa kwenye sabuni.

---

BongoSpana

Nakiri huu uzi unanogea. Swali la mtu wa pwani: hao wachonga vyuma mnawapata wapi? Huku kwetu ukipata fundi wa kukereza anayejua kusoma mikromita unamficha.

---

Fundi_Ruashi

Ndugu yangu, huu ni mji wa migodi. Tangu enzi za kampuni ya migodi Union Minière hadi mrithi wake Gécamines, na reli nayo ina makao yake hapa, wazee wamezaliwa na kuzeekea kwenye mashine za kukereza. Wengi wamestaafu, wana atelye ndogo kwenye mitaa ya Kamalondo na Kenya hapa mjini, mashine ina umri kuliko wewe lakini mkono hautetemeki. Ukimpelekea kazi usimwambie "tengeneza". Mpe karatasi yenye vipimo. Bila karatasi, mzee atakutengenezea anavyoona inafaa, na kwake kinachofaa mara nyingi ni kizito kama cha mgodi.

Sasa kijana, umebakiza pesa ya pistoni. Nikuambie pa kuiweka kama unataka nguvu kweli.

Silinda moja ya 22R inameza cc 591.5. Uwiano wa kompresheni ni 9 kwa 1, maana yake juu ya pistoni panabaki cc 74 hivi. Ukikwangua uso wa kulasi nusu milimita, unapunguza kama cc 3. Gawanya: uwiano unapanda hadi 9.3 au zaidi kidogo. Usawa wa bahari, kwa petroli mbaya, ningekukataza. Hapa, hewa inayoingia ni chache, kwa hiyo msukumo wa mwisho ndani ya silinda bado uko chini ya ule wa Hilux ya Dar yenye uwiano wa kiwandani. Unarudisha sehemu ya kile mwinuko ulichokula, bila kuongeza hatari ya motere kugonga (petroli kulipuka vibaya ndani ya silinda). Kazi ya mzee wa atelye ni asubuhi moja, na kulasi inanyooka hapo hapo.

Usizidishe. Ukikata kulasi kamshafti inashuka, cheni inapata ulegevu na taimingi ya valvu inachelewa kidogo. Nusu milimita kikaza-cheni kinamudu. Milimita nzima unaanza kutafuta matatizo.

Reli za cheni: tafuta seti yenye mgongo wa chuma, ile ya plastiki tupu mwachie aliyekuuzia.

---

Kivu_4x4

Naunga mkono. Na Weber 32/36 ni nzuri, ila ujue inavyofanya kazi: koo la kwanza milimita 32, la pili 36, la pili linafunguka ukikanyaga zaidi. Ukiiendesha kwa adabu mjini inaishi kwenye koo dogo. Ubaya ni kwamba ikitoka kwenye boksi inamwaga petroli nyingi kwa mwinuko wetu. Jeti zake (vitundu vya kupitisha petroli) zimeandikwa namba, 140 maana yake tundu la milimita 1.40. Nunua na jeti ndogo za ziada hapo hapo, hatua moja na hatua mbili chini, usisubiri. Moshi mweusi na plagi zenye masizi ndiyo dalili.

---

Mwana_Katuba

Na filta ya koni? Mbona hamjaigusa.

---

Yaya_Kampemba

Tumenyamaza kwa upole. Nimekuwa nikiona gari za vijana wa mtaa wa Golf zenye koni inayong'aa, ndani ya kabureta kumepakwa rangi ya Katanga. Kuanzia Mei hadi mvua za kwanza vumbi letu jekundu linapita popote penye nafasi. Nenda kafungue moja, pitisha kidole kwenye koo, lete kidole hapa.

Weka boksi la filta la kiwandani, lenye mpira mzima pande zote mbili. Ile adapta ya Weber ikaguliwe kama inavuta hewa pembeni. Umesugua silinda kwa mawe mara moja, usizisugue kila siku kwa udongo wa barabara ya Kipushi.

---

Fundi_Ruashi

Amina. Na termostati irudi! Najua wameshakuambia uitoe "ili isichemke". Motere inayotembea baridi inalewa petroli, oili haikauki unyevu, ringi zinachakaa kabla ya siku zao. Kwa mwinuko huu maji matupu yanachemka karibu digrii 96, kwa hiyo kinachokulinda ni kofia ya radieta inayoshika msukumo. Nunua kofia mpya.

---

Mwana_Katuba

Naandika mikono ikiwa myeusi. Bloku imefungwa. Kofia za krankishafti Nm 103, konrodi 69, kulasi 78 kwa hatua tatu nikianzia katikati kwenda nje, kle dinamo (spana ya kupimia mkazo) nimeazima. Ringi nilizisukuma moja moja ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni zikae sawa, nikapima pengo kwa fila geji: ya juu 0.38, nimefurahi. Mapengo nimeyatawanya yasitazamane. Boliti ya kumi na moja nimeikaza nikipiga picha kama ushahidi.

Swali: pampu ya oili ni kavu. Nianze tu?

---

Fundi_Ruashi

Hapana. Ifungue, jaza vaselini ya kawaida ya dukani katikati ya gia zake, funga. Pampu kavu inazunguka bila kuvuta, vaselini inaipa kitu cha kushika, ikipata joto inayeyuka na kuondoka. Kisha plagi nje, zungusha kwa stata mpaka geji ya oili isogee. Hapo ndipo urudishe plagi.

Ikiwaka, usiiache ingurume bila mzigo saa nzima huku majirani wakishangilia. Ringi mpya zinataka kusukumwa zikae. Ipe joto, tazama kama inavuja, ingia barabarani. Kanyaga, achia, kanyaga, achia, usikae mwendo mmoja. Oili ya kwanza itoke mapema, isifike hata kilomita 500, utaona inavyometameta.

---

Mwana_Katuba

IMEWAKA. Kompresheni baada ya kuzoea barabara: 155, 153, 154, 155. Oili ni oili. Asubuhi hakuna mnyororo unaogonga.

Nimekwenda nayo Likasi na kurudi. Kwenye vilima ilikuwa inataka gia ya tatu, sasa inapanda na ya nne, na lori za shaba nazipita bila kuomba dua. Ila plagi zimetoka na masizi meusi, na ikipozwa inanuka petroli.

---

Kivu_4x4

Jeti kuu ya koo la kwanza, shuka hatua moja. Ya pili usiiguse bado. Endesha, safisha plagi, endesha tena, zima motere ukiwa kwenye mzigo, utoe plagi utazame. Unataka rangi ya kahawia hafifu.

---

Mwana_Katuba

Nimeshuka hatua moja. Kahawia. Petroli hainuki tena.

---

Fundi_Ruashi

Valvu umepima baada ya zile kilomita za mwanzo? Ringi na jwenti zikikaa, nafasi inabadilika. Ile ya tatu iliungua kwa sababu hiyo hiyo.

---

Mwana_Katuba

Nimepima jana motere ikiwa moto, 0.20 za kuingiza, 0.30 za eksozi. Mbili zilikuwa zimebana, nimezirekebisha.

---

BongoSpana

Yaya Kampemba, ile geji ya kupima silinda unaweza kuituma Dar? Nauliza kwa niaba ya rafiki mwenye ndoo chini ya kitanda.

---

Yaya_Kampemba

Geji haisafiri, kaka. Bloku ndiyo inayosafiri.